Kilichomo nyuma ya kitufe cha sin

Mwalimu wa kidato cha tatu huchora ubaoni pembetatu yenye pembe mraba, kisha huandika kwamba sini ya pembe ni upande unaoikabili ukigawanywa kwa upande mrefu kuliko zote. Maelezo hayo ni sahihi, na kwa pembetatu iliyochorwa yanatosha: pima pande mbili kwa rula, gawanya, umepata. Baadaye mwanafunzi huyohuyo anashika kikokotoo, anabonyeza sin na 37, na mara kioo kinaonyesha 0.601815023. Ndani ya kile kidude hakuna rula wala pembetatu, na hakuna aliyepima chochote. Hizo tarakimu tisa zimetoka wapi?

Ni swali la haki kabisa, na inasikitisha kuona jinsi darasa baada ya darasa linavyolipita kimya, kana kwamba jibu lake ni la wahandisi peke yao. Si kweli. Jibu lenyewe linahitaji mambo matatu tu: kujumlisha, kutoa, na kugawanya kwa mbili. Aliyemaliza darasa la saba anaweza kulifuata hatua kwa hatua, na akishalifuata hataitazama tena ile mashine kama kitu cha kimiujiza.

Dhana ya kwanza inayowajia wengi ni kwamba kikokotoo kimebeba jedwali. Ni dhana yenye mantiki, hasa kwetu. Mtahiniwa wa Hisabati wa kidato cha nne Tanzania kwa miaka mingi amekuwa akiingia chumba cha mtihani na jedwali la NECTA, kikokotoo akikiacha nje. Jirani yake wa Kenya anayefanya KCSE ameruhusiwa vyote viwili: jedwali la KNEC na kikokotoo kisichopangiwa programu, mradi kisipige kelele. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kile kitabu chembamba kimeshindiliwa ndani ya chipu.

Lakini kitabu kile ni chembamba kwa sababu kinatoa tarakimu nne tu. Ukitaka tarakimu kumi, hata kama utaruka hatua na kukisia thamani za katikati kwa uwiano, utahitaji mistari zaidi ya 50,000. Vikokotoo vya kwanza vya kisayansi vya mkononi havikuwa na nafasi hata ya sehemu ndogo ya mistari hiyo. Tena jedwali haliondoi swali, linalirudisha nyuma tu: nani alilikokotoa? Huko Samarkand, Jamshid al-Kashi, aliyefariki mwaka 1429, alitafuta sini ya nyuzi 1 kwa kutatua mlinganyo wa kipeo cha tatu, akirudia hesabu ileile na kila mara akikaribia jibu zaidi. Aliifikisha kwenye usahihi ambao wanafunzi wetu hawajawahi kuuhitaji. Kila jedwali lina mtu wa namna hiyo nyuma yake, aliyekesha na kalamu.

Dhana ya pili ni ya wale waliofika kidato cha sita au chuo. Wao husema kikokotoo kinatumia mfululizo: chukua pembe kwa radiani, toa kipeo chake cha tatu kilichogawanywa kwa 6, ongeza kipeo cha tano kilichogawanywa kwa 120, na kuendelea. Wanahisabati wa Kerala, kusini mwa India, katika shule iliyoanzishwa na Madhava karne ya 14, waliujua mfululizo huo mapema kuliko Ulaya. Nao unafanya kazi vizuri sana. Nyuzi 30 ni radiani 0.523599, toa 0.023925, ongeza 0.000328, tayari una 0.500002, na jibu kamili ni 0.5.

Tatizo ni kuzidisha. Kwetu sisi kuzidisha ni jambo la kawaida, lakini chipu ya bei nafuu ya miaka ya 1970 haikuwa na sehemu ya kuzidisha. Ilijua kujumlisha, kutoa, na kusogeza tarakimu kulia au kushoto. Kuzidisha namba mbili zenye tarakimu kumi kulimaanisha kujumlisha mara kadhaa kwa kila tarakimu, kusogeza, kujumlisha tena. Mfululizo wenye vipeo vya tatu, tano, saba na tisa ungekula muda ambao mnunuzi asingeuvumilia.

Njia iliyoshinda haikubuniwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1956 mhandisi Jack Volder alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Convair huko Fort Worth, Texas, iliyokuwa ikiunda ndege ya kivita ya B-58, ndege ya kudondosha mabomu iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Kuongoza ndege ni kazi ya pembe tupu: uko wapi, unaelekea wapi, upepo unakusukuma kiasi gani. Hesabu hizo zilikuwa zikifanywa na vifaa vya umeme vyenye sehemu zinazozunguka, na usahihi wake ulikuwa na kikomo. Volder alitakiwa kutafuta kompyuta ya tarakimu itakayochukua nafasi yao, ifanye hesabu ndege ikiwa inaruka, bila kuchelewa. Alianzia kwenye kanuni za trigonometria zilizokuwa katika kitabu cha rejea cha mwaka 1946, kitabu cha kawaida cha wahandisi. Mwaka 1959 aliichapisha njia yake kwa jina la CORDIC.

Wazo lenyewe ni hili. Chora mshale wenye urefu wa 1, ulale juu ya mstari wa mlalo. Sasa uinue kwa nyuzi 37. Kimo cha ncha yake kutoka kwenye mstari ndiyo sini ya 37. Umbali wa ncha hiyo kwenda upande, ukiupima juu ya mstari, ndiyo kosini. Kwa hiyo swali la “sini ni ngapi” limegeuka kuwa “nitauzungushaje mshale kwa nyuzi 37 na nijue ncha yake imefika wapi”. Inaonekana kama hatujasogea, kwa kuwa kanuni ya kuzungusha yenyewe inadai sini na kosini za pembe hiyohiyo tunayoitafuta.

Volder aliukwepa mtego huo kwa namna ninayoiona kuwa nzuri mno. Alisema: tusizungushe kwa pembe inayotakiwa. Tuzungushe kwa pembe tulizochagua wenyewe, zile ambazo tanjenti zake ni 1, nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, na kuendelea hivyo. Pembe hizo ni nyuzi 45, kisha 26.565, 14.036, 7.125, 3.576, 1.790, 0.895, kila moja ikiwa karibu nusu ya iliyotangulia. Ukiwa na pembe yenye tanjenti ya robo, kuzungusha kunakuwa kazi nyepesi: kimo kipya ni kimo cha zamani kuongeza robo ya umbali wa mlalo, umbali mpya wa mlalo ni ule wa zamani kutoa robo ya kimo. Ukitaka kuzungusha kurudi chini, badili alama: pale ulipoongeza, toa, pale ulipotoa, ongeza. Basi.

Na robo kwa mashine si kugawanya. Mashine inaandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa uandishi huo kusogeza tarakimu zote nafasi moja kulia ni kugawanya kwa 2, nafasi mbili ni kugawanya kwa 4, nafasi tatu kwa 8. Ni kama sisi tunavyogawanya kwa 10 kwa kuhamisha nukta. Kuzidisha kumetoweka kabisa.

Lakini 37 haimo kwenye orodha ile ya pembe. Hapa ndipo ufanisi wa njia hii unapoonekana, na mwenye duka anayepima sukari kwa mizani ya mawe ataielewa kabla ya profesa. Anaweka jiwe kubwa. Likizidi, analisawazisha kwa jiwe dogo upande wa pili. Likipungua tena, jiwe dogo zaidi upande wa kwanza, hadi mkono wa mizani utulie. Mashine nayo inafanya hivyo kwa pembe. Inatunza hesabu ya nyuzi zilizobaki. Zikiwa juu ya sifuri, inazungusha kwenda juu. Zikiwa chini ya sifuri, inarudi chini. Pembe zote za orodha hutumika, kila moja mara moja, na kinachoamuliwa ni mwelekeo tu.

Tuipitie kwa nyuzi 30, ili jibu tulijue mapema. Zungusha juu kwa 45: tumepitiliza kwa 15. Rudi chini kwa 26.565: sasa tumepungukiwa 11.565. Panda 14.036: tumepitiliza 2.471. Shuka 7.125: tumepungukiwa 4.654. Panda 3.576, bado 1.078. Panda 1.790, tumezidi 0.712. Shuka 0.895, tumepungukiwa 0.183. Wakati huohuo kimo cha ncha kimekuwa kikibadilika kwa mpangilio huu: 0.607, 0.304, 0.531, 0.427, 0.483, 0.511, 0.497. Itazame safu hiyo inavyoyumba juu na chini ya 0.5 na jinsi kuyumba kunavyopungua. Hatua saba tu za kujumlisha na kutoa, na tumeshakaribia kwa pungufu ya tatu katika elfu. Hatua kumi zaidi zinaufikisha usahihi kwenye tarakimu ya tano, na kila hatua nyingine inalipunguza kosa kwa karibu nusu.

Msomaji makini atauliza kwa nini kimo cha kwanza kilikuwa 0.607 wakati mshale wa urefu wa 1 ulioinuliwa nyuzi 45 una kimo cha 0.707. Hapo kuna siri moja ya mwisho, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kanuni ile nyepesi ya kuongeza na kutoa haizungushi tu, inarefusha pia. Ukizungusha kwa nyuzi 45 kwa njia hiyo, mshale unarefuka kwa kipeuo cha pili cha 2. Kwa pembe ya nusu, kwa kipeuo cha pili cha 1.25, na urefu unaoongezeka unakuwa mdogo zaidi na zaidi. Ingekuwa balaa kama kurefuka huko kungetegemea njia iliyofuatwa. Lakini mshale unarefuka kiasi kilekile ukienda juu au ukirudi chini, na pembe zote hutumika kila mara. Kwa hiyo kurefuka kwa jumla ni kulekule kwa kila swali: mara 1.64676. Suluhisho ni kuanza na mshale mfupi. Anza na urefu wa 0.60725 badala ya 1, na mwisho wa safari utakuwa na urefu wa 1 kamili. Namba hiyo moja inahifadhiwa kwenye chipu pamoja na orodha fupi ya pembe, na ndilo “jedwali” lote lililomo.

Safari kutoka ndege ya kivita hadi mfuko wa shati ilipitia kampuni ya Hewlett-Packard. Malcolm McMillan, aliyeijua kazi ya Volder, alipeleka huko wazo hilo mwaka 1965, na mhandisi David Cochran akalibeba. Mwaka 1968 kampuni ilitoa HP 9100A, mashine ya mezani. Kisha Bill Hewlett, mmoja wa waanzilishi, akataka kitu cha namna hiyo kinachoingia kwenye mfuko wake wa shati. Utafiti wa soko ulisema hakitauzika. HP-35 ilitoka mapema mwaka 1972 kwa bei ya dola 395, ikiitwa hivyo kwa kuwa na vitufe 35, na mwaka wa kwanza iliuzwa kwa kiwango cha kama vikokotoo 100,000. Miaka michache baadaye kampuni kongwe ya Marekani ya Keuffel & Esser iliacha kutengeneza rula za kukokotolea, ambazo wahandisi walikuwa wamezitegemea kwa vizazi.

Programu yote ya HP-35 ilikuwa na maagizo 768. Siyo maelfu, siyo mamilioni: 768, na ndani yake mlikuwa na kuzidisha, kugawanya, kipeuo cha pili, logi, sini, kosini, tanjenti na kinyume chake. Ilitekeleza kama maagizo 3,500 kwa sekunde. Anayeandika programu leo kwenye simu ya bei ya chini ana uwezo ambao Cochran asingeuota, na bado inafaa kusimama kidogo mbele ya nidhamu ile.

HP-35 ilihesabu kwa kumi, si kwa mbili, hivyo Cochran aliibadilisha orodha ya pembe. Tanjenti zake zilikuwa 1, moja ya kumi, moja ya mia, moja ya elfu: yaani nyuzi 45, 5.7106, 0.5729 na 0.0573. Kwa nyuzi 30, pembe ya 45 haiingii hata mara moja, 5.7106 inaingia mara tano. Katika kinachobaki 0.5729 inaingia mara mbili, kisha 0.0573 mara tano. Mshale unazungushwa mara hizohizo, kwa kuhamisha nukta na kujumlisha. Mwishoni kimo kinagawanywa kwa umbali wa mlalo na kutoa tanjenti. Hapa kurefuka kwa mshale hakuna madhara, kwa sababu kimo na umbali vimerefuka kwa uwiano mmoja na vinafutana. Hatua hizo kumi na mbili pekee zinatoa 0.5770, na tanjenti halisi ya 30 ni 0.5774. Kutoka tanjenti, sini hupatikana kwa kipeuo cha pili na mgawanyo mmoja.

Maagizo machache kiasi hicho hayakukosa kasoro. Ukichukua logi asilia ya 2.02, kisha ukabonyeza kitufe cha kuirudisha, HP-35 za mwanzo zilikujibu 2 tupu. Kampuni iliwatangazia wanunuzi na kujitolea kuzibadilisha, jambo lililoijengea heshima badala ya kuibomoa.

Miaka miwili baadaye, Uingereza, Clive Sinclair alitaka kuuza kikokotoo cha kisayansi kwa pauni 49.95. Chipu aliyoipata kutoka Texas Instruments ilikusudiwa kikokotoo cha kawaida cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na ilikuwa na nafasi ya maagizo 320 tu. Nigel Searle aliyapanga upya yote. Hakukuwa na nafasi hata ya orodha ya pembe, kwa hiyo alitumia pembe moja: moja ya elfu ya radiani. Mshale ulizungushwa kwa pembe hiyo ndogo tena na tena. Kwa nyuzi 30, ambazo ni radiani 0.5236, ni mizunguko zaidi ya mia tano. Mtumiaji alisubiri, na jibu lilikuwa la kuaminika kwa tarakimu kama tatu tu. Namba 57.29578 ilichapwa kwenye gamba la mbele ili mtu ageuze nyuzi kuwa radiani mwenyewe, kwani chipu haikuwa na mahali pa kuitunza. Wapo wanaoicheka Sinclair Scientific. Mimi naona ni kazi ya ustadi mkubwa: ilimfikishia mwanafunzi sini na logi kwa sehemu ndogo ya bei ya HP.

Kabla ya HP-35 kutoka, mwaka 1971, John Walther wa Hewlett-Packard alionyesha kwamba mzunguko wa Volder ni mmoja wa ndugu watatu. Badili alama moja kwenye kanuni, na mashine ileile inayotoa sini na kosini itazidisha na kugawanya. Ibadili tena, itatoa logi, vipeo na kipeuo cha pili. Ndiyo maana chipu ndogo iliweza kubeba vitufe vyote vile.

Kompyuta kubwa zimeshaiacha njia hii. Chipu ya hesabu ya Intel 8087 ya mwaka 1980 iliitumia, lakini Pentium ya mwaka 1993 ilihamia kwenye polinomia, kwa kuwa kufikia hapo kuzidisha kulikuwa kumekuwa rahisi na haraka. Simu yako leo hupunguza pembe iwe ndogo, kisha huipitisha kwenye polinomia fupi yenye viwianishi vilivyochaguliwa kwa uangalifu. Lakini pale ambapo umeme ni haba na chipu ni ndogo, mshale wa Volder bado unazunguka: familia ya chipu za STM32G4, zinazotumika kuendesha mota, ina sehemu maalumu ya kufanya kazi ya CORDIC tu.

Kuna mambo mawili ya matumizi ambayo elimu hii inayafafanua. La kwanza ni zile herufi ndogo juu ya kioo, DEG, RAD au GRA, zinazouambia mshale “30” ni kiasi gani. Kwa nyuzi jibu ni 0.5, kwa radiani ni −0.988, kwa gradi ni 0.454. Mashine haijakosea hata moja, na alama nyingi za mtihani zimepotea hapo. La pili ni hili: weka kikokotoo kwenye radiani, andika 3.141592654, ubonyeze sin. Jibu sahihi si sifuri, ni −4.102 × 10⁻¹⁰, kwa sababu ulichoandika si pai, ni namba inayoizidi pai kwa kiasi hichohicho. Kikokotoo kizuri kinaitambua tofauti hiyo.

Kwa mwalimu atakayependa kuijaribu darasani, nyuzi 20 ni mfano mzuri, maana zinatua haraka. Anza na umbali wa 0.60725 na kimo cha 0. Panda kwa 45, shuka kwa 26.565, panda kwa 14.036, kisha shuka mara tatu: 7.125, 3.576, 1.790. Kila mara hesabu umbali na kimo kutokana na thamani za hatua iliyopita, usizichanganye na mpya. Nyuzi zinazobaki ni 0.020, kimo ni 0.3416 na umbali ni 0.9397. Jedwali la tarakimu nne linasema 0.3420 na 0.9397.